Noah ya Msikiti na Barua Niliyoiandika kwa Haraka



Ndugu msomaji, safu hii imezoea kuzungumzia ada za watoto, mirathi na haki za jirani. Wiki hii naomba ruhusa nizungumzie kipande cha shaba kisichozidi urefu wa kidole gumba, kinachokaa ndani ya injini ya gari na kupima joto la maji. Kipande hicho kilikaribia kunifanya nimdhulumu mtu mzima mwenye heshima zake, na baada ya kubadilishwa kilitupeleka hadi kwenye mteremko wa Usambara tukiwa na watoto ndani ya gari na maji yanayochemka chini ya viti. Najua wengi wenu mna gari la familia, au mnapandisha watoto wenu kwenye la mwenzenu kila asubuhi.

Msikiti wetu hapa Tanga una gari moja, Toyota Noah ya zamani, ile ambayo injini yake imelazwa chini ya viti vya mbele. Ni waqfu wa muumini ambaye hakutaka jina lake litajwe. Siku za Jumamosi huwachukua watoto wa madrasa wanaokaa mitaa ya mbali, Ijumaa huwafuata wazee wasioweza kutembea, na ukitokea msiba huwapeleka akina mama. Dereva wake ni mzee aliyevuka miaka sitini, aliyewahi kuendesha malori ya safari ndefu, na posho tunayompa ni ndogo kiasi kwamba naona haya kuitaja.

Tangu Rajabu hesabu za petroli zilianza kupanda. Kwa kawaida gari letu hutembea kama kilomita 540 kwa mwezi na kutumia lita 60, yaani kilomita 9 kwa lita moja. Mwezi ule lita zilifika 90 kwa mwendo uleule. Mhazini aliweka stakabadhi mezani baada ya sala ya Isha, akasema, "Ustadh Katibu, hesabu hazisemi uongo. Lita thelathini zimekwenda wapi?" Hakuna aliyetamka neno wizi, lakini kila aliyekuwa ndani ya chumba kile alilisikia. Nikaagizwa kuandika barua ya kumsimamisha mzee wetu, nami nikaiandika usiku uleule. Nilijivunia hata lugha yake.

Alipoitwa, mzee hakujitetea kwa maneno mengi. Alikaa kwenye mkeka, akavua kofia, akasema, "Ustadh, mimi niliandika kwenye daftari."

Daftari la safari hukaa ofisini kwangu. Kazi ya katibu ni kulisoma na kutia sahihi kila wiki. Nilikwenda kulichukua, nikalifungua mbele ya kamati. Mara tatu, kwa mwandiko wake wa herufi kubwa, mzee alikuwa ameandika kwamba gari likizimwa likiwa na moto linagoma kuwaka, kwamba linatoa moshi mweusi, na kwamba lina harufu ya petroli. Chini ya kila taarifa palikuwa na sahihi yangu. Nilikuwa nimetia sahihi bila kusoma.

Barua ikarudi mfukoni. Kamati ikatoa wiki moja gari lichunguzwe.

Fundi wa kwanza alibadilisha plagi na chujio la hewa, akachukua fedha yake, na gari likaendelea kunywa kama awali. Wa pili ni kijana aliyesomea ufundi, naye alianza kwa kuuliza maswali badala ya kushika spana. Aliinua kiti cha mbele, akatoa plagi zile mpya, zikatoka nyeusi kama zimepakwa masizi. "Injini inadhani bado ni asubuhi," alisema.

Maelezo yake nayafikisha kwenu kama nilivyoyaelewa. Injini ikiwa ya baridi, petroli haigeuki mvuke vizuri, kwa hiyo inahitaji petroli nyingi zaidi ili iwake. Wazee wetu waliokuwa na magari ya kabureta walikuwa wakivuta choki kwa sababu hiyohiyo, na injini ikipata moto wanairudisha. Katika magari ya siku hizi kazi hiyo inafanywa na kompyuta ya injini, ambayo mafundi wetu huiita kontrolo boksi, nayo haina mkono wa kupapasa bati kujua kama limepata moto. Inategemea kuambiwa na sensa ya joto la maji. (Tusichanganye na sensa ya kuhesabu watu, ingawa zote mbili hudhuru zikitoa takwimu za uongo.)

Ndani ya sensa hiyo mna chembe ya madini ambayo ukinzani wake wa umeme hupungua kadiri joto linavyoongezeka. Katika Toyota nyingi za rika la Noah yetu, maji yakiwa na nyuzijoto 20 sensa husoma kati ya omu 2,000 na 3,000, na yakifika nyuzijoto 80 husoma omu 300 na kitu tu. Kompyuta husoma tarakimu hizo na kukadiria petroli, wakati wa cheche kupiga, na kasi ya injini gari likiwa limesimama. Katika magari mengi yenye feni ya umeme, habari hiyohiyo ndiyo inayoamua feni iwake lini. Sensa ikisema maji ni ya baridi ilhali yamepata moto, ni kama choki imevutwa kutwa nzima.

Kijana alichomoa sensa yetu, akaomba sufuria ya maji yanayotokota kwa mama lishe wa jirani, akaitumbukiza ncha yake huku nyaya za mita zimeshika upande wa pili. Kwenye maji yanayochemka ilipaswa kushuka chini ya omu 300. Ilisimama kwenye 1,500 na kugoma hapo. Nilitazama tarakimu ile kwenye kioo cha mita, nikaikumbuka barua iliyokuwa mfukoni mwangu.

Nikamuuliza kwa nini taa ya injini haikuwaka kwenye dashibodi. Akanijibu kwamba taa huwaka pale waya unapokatika au kugusana, kompyuta inapopata jibu lisilowezekana kabisa. Sensa yetu ilikuwa inatoa jibu linalowezekana, ila si la kweli. Na kwa nini geji ya joto ilikaa katikati kama kawaida siku zote zile? Hapa ndipo wengi hupotea. Katika magari mengi ya miaka ya tisini mna sensa mbili zilizokaa karibu karibu: moja yenye nyaya mbili inayopeleka habari kwa kompyuta, nyingine yenye waya mmoja inayosogeza mshale wa geji. Ukienda dukani ukasema tu "nipe sensa ya joto", muuza spea anaweza kukupa yoyote. Nenda na ile ya zamani mkononi. Na ile yenye waya mmoja hutumia bati la injini kama waya wake wa pili, kwa hiyo ukiizungushia tepu ya bomba kwa wingi ili isivuje, unaikatia njia ya umeme na mshale unaanza kusema uongo wake mwenyewe.

Sensa mpya tuliipata kwa shilingi 25,000. Kuibadilisha si kazi kubwa kwa mtu mwenye subira. Injini iachwe ipoe kabisa, saa kadhaa, si dakika kumi. Waya wa betri wa upande hasi ufunguliwe. Maji yapunguzwe kidogo kupitia kizibo cha chini cha rejeta hadi yashuke chini ya sensa, na beseni safi liwekwe kuyakinga. Soketi ya waya ichomolewe kwa kubonya kishikizo chake, si kwa kuvuta nyaya, maana plastiki iliyokaa kwenye moto miaka ishirini huvunjika kama biskuti. Sensa ifunguliwe kwa soketi ndefu (yetu ilikuwa namba 19), washa yake ya shaba ibadilishwe, na mpya ifungwe kwa mkono kwanza hadi ikae, ndipo ikazwe kwa kiasi. Imeshikwa na aluminiamu. Anayeikaza kama nati ya gurudumu ataharibu nyuzi, kisha atatafuta mtu wa kuchonga upya.

Gari liliwaka kwa mara moja, moshi ukaisha. Kijana aliitwa kwenye kazi nyingine, akamwachia msaidizi wake amalizie kujaza maji. Msaidizi akamimina hadi mdomoni, akafunga mfuniko, akapangusa mikono. Kwa hilo tulilipia siku tatu baadaye.

Jumamosi ile kulikuwa na msiba Lushoto. Tuliondoka alfajiri: mzee kwenye usukani, mimi kando yake, na nyuma akina mama watatu na watoto watatu, mmoja wao mwanangu. Tambarare ya Muheza na Korogwe tuliipita salama. Pale Mombo barabara huacha bonde na kuanza kupanda Usambara, zaidi ya kilomita 30 za kona hadi Lushoto mjini. Kabla hatujafika Soni mshale wa joto ulianza kupanda. Ukapita nusu, ukakaribia alama nyekundu. Nikaanza kusoma dua kimoyomoyo. Ghafla ukashuka, ukarudi chini kabisa kama gari ndiyo kwanza limewashwa.

"Alhamdulillahi, limepoa," nilisema.

Mzee hakujibu. Aliwasha taa za dharura, akaegesha pembeni palipokuwa na nafasi, akazima injini. "Ustadh, gari linalopanda mlima halipoi," alisema. "Mshale umeanguka kwa sababu sensa haigusi maji tena. Washushe watoto, wakae upande wa mlimani."

Alikuwa sahihi, na jambo hili naomba kila anayeendesha gari alishike. Sensa hupima kile kinachoigusa. Ikiwa maji yameondoka mahali pake na hewa au mvuke umeingia, mshale unaweza kuanguka wakati injini yenyewe inaiva. Dereva asiyejua hufurahi, akaendelea, na kilomita chache mbele silinda hedi inapinda au gasketi inaungua. Tungeendelea hadi Soni, msikiti ungelipia injini nzima.

Hewa ilitoka wapi? Ilikuwemo tangu siku ya sensa. Maji yakimwagwa upesi ndani ya mfumo uliopunguzwa, hewa hukosa pa kutokea na hujificha sehemu za juu: kwenye hedi, kwenye mirija ya hita, kwenye mikunjo ya mipira. Noah ina ugonjwa huu kuliko magari madogo, kwa kuwa injini iko chini ya viti na mipira inayokwenda kwenye rejeta ni mirefu, na mengine yana hita ya nyuma pia. Pampu ya maji haiwezi kusukuma hewa kama inavyosukuma maji. Barabara ya tambarare huvumilia kasoro hiyo, lakini mlima hauvumilii.

Kijana mmoja mwema aliyekuwa akipita na pikipiki alisimama, akavua shati, akalizungusha mkononi na kukimbilia mfuniko wa rejeta. Mzee alimdaka kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo sikujua kwamba bado anayo. Wazazi, nisikilizeni hapa. Mfuniko wa rejeta ni kizibo cha shinikizo. Kwa sababu yake maji yaliyomo ndani yanaweza kufika karibu nyuzijoto 120 bila kuchemka. Ukiufungua, shinikizo linaondoka mara moja na sehemu ya maji hayo inageuka mvuke papo hapo, inaruka usoni na kifuani. Kitambaa hakisaidii, kinalowa na kukung'ang'ania ngozini. Na kule juu mlimani hali ni mbaya zaidi, kwa sababu maji yasiyo na shinikizo huchemka kwa joto dogo kadiri unavyopanda, takriban nyuzi moja pungufu kwa kila mita 300. Tulingoja saa nzima na ushei. Akina mama walitandika kanga, watoto wakala mihogo. Mzee alishika mpira wa juu wa rejeta kwa vidole viwili, akauachia, akangoja tena. Aliufungua mfuniko pale tu mpira ulipokuwa wa baridi na laini, tena kwa robo mzunguko kwanza.

Tulifika msibani tumechelewa mazishi. Sikupata la kuwaambia wafiwa.

Mfumo ulitolewa upepo kwa utaratibu siku ya Jumatatu, mzee akisimamia mwenyewe na mimi nikishika tochi. Gari liliegeshwa kwenye mwinuko ili mdomo wa kujazia uwe juu kuliko sehemu nyingine zote. Hita iliwekwa kwenye moto wa mwisho, ya mbele na ya nyuma, ili mirija yake ifunguke. Wengi hushangaa kusikia hita Tanga, lakini hiyo si ya kutupasha sisi joto, ni ya kuipa hewa njia. Maji yakamiminwa polepole kwa faneli huku mzee akikamua mipira kwa kiganja, na kila alipokamua mapovu yalipanda. Magari yenye skrubu ya kutolea upepo, skrubu hiyo hulegezwa hadi maji yatoke bila povu, kisha hufungwa.

Ndipo injini ikawashwa mfuniko ukiwa wazi, ikaachwa ingurume taratibu. Kwa dakika kadhaa hakuna kinachotokea zaidi ya mapovu. Themostati inapofunguka, kwenye Toyota nyingi ni karibu nyuzijoto 82, maji hushuka ghafla na mpira uliokuwa baridi unapata moto, hapo unaongeza. Mzee alikanyaga mafuta hadi mizunguko 2,000 hivi, akaachia, akarudia mara nne au tano. Upepo wa hita ulianza kutoka wa moto, dalili kwamba maji yamefika huko. Mapovu yalipokoma akafunga mfuniko, akasubiri gari lipoe hadi asubuhi, akaangalia tena na kuongeza kidogo. Tenki la akiba likajazwa hadi kati ya alama ya chini na ya juu. Kama maji yanapanda na kufurika mdomoni mfuniko ukiwa wazi, zima, usishindane nayo. Na kama mapovu hayaishi hata baada ya kurudia kazi hii mara mbili tatu, shuku gasketi ya hedi, umwite fundi.

Mambo mawili niyaseme kwa sababu nimeyasikia mno. La kwanza ni ile fatwa ya gereji kwamba themostati haina kazi katika nchi ya joto, itolewe itupwe. Siikubali. Bila themostati injini inachelewa kupata moto, kompyuta inaendelea kumimina petroli, na utaishia kwenye hasara ileile tuliyokuwa nayo sisi, safari hii sensa ikiwa inasema kweli. Wakati wa kuirudisha, kile kitundu chake kidogo chenye pini kielekezwe juu, ndicho kinachopitisha hewa.

La pili linawahusu akina mama kwanza. Kulanti, ile dawa ya rangi ya kijani au nyekundu tunayochanganya na maji, nyingi yake ni ethilini glaikoli. Ina ladha tamu na ni sumu kali. Kiasi kidogo humdhuru mtoto figo, na hata paka huilamba. Isihifadhiwe kwenye chupa ya soda, na ile iliyokingwa kwenye beseni isiachwe uani hata kwa muda wa sala moja. Ikimfikia mtoto mdomoni, apelekwe hospitali hapo hapo, msingoje dalili. Pamoja na hayo kulanti ina faida yake hata huku kwetu kusikoganda barafu: inapandisha kiwango cha kuchemka na kuzuia kutu. Maji ya visima vyetu vya pwani yana chumvi, yanakula rejeta kimyakimya. Changanya kulanti na maji yaliyosafishwa, yale yasiyo na madini. Ukinunua yanayoitwa maji ya betri, soma kwanza kibandiko, maana kuna wanaouza asidi kwa jina hilohilo.

Barua niliichana mbele ya mzee siku ileile ya Jumatatu, nikamwomba radhi mbele ya mhazini. Alisema amesamehe, kisha akaniomba nisogeze tochi kushoto kidogo kwa sababu haoni klempu. Kamati imeongeza posho yake, nayo bado ni ndogo. Daftari sasa nalisoma kila Alhamisi. La juzi limeandikwa: petroli lita 20, kilomita 186, maji hayajapungua, mpira wa chini unaanza kupasuka, ununuliwe. Tumekwisha ununua.